Msafiri Mwongo wa Barabara ya Gitega

Ilias alikuwa hakai chini. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu kaka yake Chabani, fundi wa malori, aondoke na mzigo kwenda Gitega, na hakuna habari. Kijana alizunguka nyumba yao ya mtaa wa Buyenzi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Vita ilikuwa imeingia mwaka wake wa nne, chuo kikuu kinafungwa na kufunguliwa, na yeye anaandika tasnifu juu ya Wagiriki wa kale waliowadhihaki wasafiri waongo. Majirani walimcheka: watu wanauawa barabarani, huyu anasoma safari za watu waliooza zamani! Lakini aliionea fahari elimu yake, na fahari hiyo ndiyo iliyomponza.

Siku moja baada ya swala ya alasiri, Hamissi, dereva wa njia ile ile ya Gitega, alipiga hodi. Mama yao, Mwanne, alitoka mbio jikoni, mikono imejaa unga wa chapati.

"Hamissi! Mwanangu umemuona?"

"Nilimuona, mama. Na macho yangu. Iko Gitega, anatengeneza camion, ile lori ya mzigo. Alikula mishikaki kumi na mbili, na Fanta tatu."

Mama akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Hamissi akamgeukia Ilias. "Petit, kuja inje kidogo, tuangalie pneu yangu."

Mtu yeyote wa Buyenzi angeelewa kwamba hapakuwa na tairi la kuangaliwa. Habari ya kifo hapewi mama mlangoni. Anaitwa kwanza mwanamume wa nyumba, anaambiwa kando, kisha wazee na wanawake wanakuja kumzunguka mama, ndipo anaambiwa. Ilias aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Ila siku ile kichwa kilikuwa kimejaa Wagiriki, na Wagiriki walikuwa wamemfundisha kwamba msafiri mwongo humwaga hesabu ambazo hakuna aliyeziomba.

"Kumi na mbili?" akauliza. "Uliihesabu? Chabani alivaa nini?"

"Ile overoli yake ya bleu."

"Overoli yake ile pale kwenye kamba."

Hamissi akajifuta jasho. "Ilias, nakuomba, tutoke inje."

"Apana! Sema hapa hapa. Unatudanganya!"

Na aliona raha, aibu iliyoje kusema, raha ya mwanafunzi aliyemkamata mtu uongoni. Wiki tatu za kutotulia zilikuwa zimepata pa kutokea. Aliendelea: gereji ya nani, siku gani, nani mwingine alikuwepo? Hamissi alimtazama mama, kisha akainamisha kichwa.

"Walipiga camion masasi, bunduki zikalia pande zote," akasema. "Chabani alikuwa mbele. Tulimuzika kando ya barabara."

Mama Mwanne hakupiga yowe. Hapakuwa na mwanamke wa kumshika, wala shehe, wala jirani. Aliketi sakafuni peke yake, akaanza kujipangusa unga, kidole kimoja kimoja. Ilias alijichukia kiasi kwamba alitamani kuukata ulimi wake. Alipiga magoti, akataka kumshika mkono, mama akauondoa.

"Muulize kama walimusalia," alisema bila kumtazama. "Mi siwezi. We ndo unajua kuuliza."