Nani Aliyekomea

Uweso alisimama barazani akabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, watu ndio wanatoka msikitini, na nusu ya mtaa wa Ngamiani ilimwona. Alibisha kwa vidole, akabisha kwa ngumi, kisha akarudi nyuma kidogo na kupaza sauti ili hata muuza kahawa wa pembeni asipitwe.

"Mmeona wenyewe? Mboni kanifungia nje!"

Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametoka ndani kwa hasira na kuubamiza mlango. Hakufika mbali akakumbuka kofia yake, akarudi. Mkewe, Mboni, alikuwa uani anapepeta mchele, na majirani wanatwanga, kwa hiyo hodi hakuisikia. Alipokuja kufungua, alilikuta komeo limelala mahali pake, wala hakushangaa.

Tabia ya komeo lile ilijulikana na kila aliyeizoea nyumba ile. Marehemu babake Mboni, fundi Msafiri, ndiye aliyelichonga kwa mvule mwaka binti yake alipoolewa. Lilikuwa kipande kinene cha mti kilichoshikizwa kwenye ubao wa mlango kwa msumari mmoja. Mchana lilisimamishwa wima. Usiku lililazwa, ncha yake ikaingia kwenye kulabu ya mti iliyokuwa kwenye mwimo, nguzo ya pembeni ya mlango. Fundi aliliwekea na kijiti cha kulizuia lisianguke ovyo. Kijiti hicho kilipotea, Mboni akamwomba mumewe atie kingine, na Uweso akajibu, "Kesho." Miaka ilipita na kesho hiyo haikufika. Ikawa wageni huambiwa washindike mlango tu, wasiubamize, maana ukibamizwa komeo hujiangukia na aliye nje hubaki nje.

Uweso alilijua hilo kuliko wageni wote. Lakini alikuwa na posa yake Muheza, na wazazi wa binti walikuwa wamesema mtoto wao hataingia kwenye nyumba yenye mke mwingine. Kumwacha Mboni hivihivi kungemfanya asemwe, kwa kuwa mtaa ulimpenda Mboni, naye alimpikia na kumfulia mume huyo tangu akiwa hana mbele wala nyuma. Mke aliyemfungia mumewe nje mchana kweupe, huyo ni habari nyingine. Huyo ni mwasi, hutoka bila matunzo, na mume huonewa huruma kila baraza anayokaa. Uweso alikuwa ameangukiwa na sababu bila kuitafuta, na hakuwa mjinga wa kuiacha.

Jumapili ami yake Mboni, mzee Idarusi, alifika kutoka Tongoni. Upande wa Uweso alikuja kaka yake mkubwa aitwaye Shehe, mtu mpole asiyependa magomvi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako hayupo, lakini mimi nipo. Hutatolewa hapa kwa uongo."

Mboni alitaka kubaki. Tuseme kweli, hakuwa na kwingine isipokuwa Tongoni, kwenye jiko la wake za ami yake, ambako angekula kwa kutazamwa tonge. Nyumba hii alikuwa ameikandika kwa mikono yake. Tangu Ijumaa alikuwa akiomba usiku na mchana, na dua yake ilikuwa moja tu, komeo lianguke tena mbele ya watu.

Uweso alieleza habari yake kwa unyonge mkubwa. Alifunga mlango kistaarabu, wallahi, akarudi akakuta amekomewa. Mzee Idarusi alimsikiliza hadi mwisho.

"Komeo hili nalijua," alisema. "Tulilitia mimi na ndugu yangu. Sasa mambo ni mepesi. Mboni abaki ndani, komeo lisimame wima. Sisi tutoke. Wewe Bwana Uweso ufunge kama ulivyofunga Ijumaa, kisha nitausukuma mlango. Ukifunguka, basi siku ile ni mkono wa mtu uliokomea. Usipofunguka, komeo limejiangukia na maneno yamekwisha."

"Hilo ni neno la haki," alisema Shehe.

Uweso akakubali. Mboni akalisimamisha komeo, wanaume wakatoka.

Alisimama ndani peke yake akitazama. Ubao ulianza kusogea. Ulikuja pole kabisa, bila bawaba kulia, mpaka ukakutana na mwimo. Komeo halikutikisika hata kidogo.

Mboni aliijua namna ile ya kufunga. Alikuwa ameiona mara moja tu, Raskazone, kwenye nyumba ya Mzungu ambako Uweso alikuwa mtumishi. Mtoto wao Safari alikuwa na surua, naye alikwenda kwa miguu kumwita baba yake. Uweso alitokea mlango wa jikoni, akaweka kiganja kwenye ubao, akaurudisha kidogo kidogo hata ukakaa kimya, kwani memsabu, mke wa Mzungu, alikuwa amelala. Kisha akamnong'oneza Mboni atangulie nyumbani. Alikuja baada ya magharibi, akaubamiza mlango huu hadi mtoto akashtuka kitandani na kuanza kulia upya. Mboni alimsihi. Uweso akasema milango ya Wazungu ina bawaba za shaba, hutiwa mafuta kila wiki. Huu wa kwao una bawaba zenye kutu, haufungiki taratibu. Akaubamiza siku zote za ugonjwa. Akaubamiza siku ya maziko ya Safari. Na Mboni alikuwa amezilaumu bawaba.

Bawaba zilikuwa zilezile. Hakuna aliyezitia mafuta.

Hasira iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko ile ya Ijumaa, kubwa kuliko habari ya binti wa Muheza. Mkono wake ukainuka. Alilishika komeo la baba yake, akalilaza polepole mpaka ncha ikaingia kwenye kulabu, naye akifunga bila mlio kama mumewe.

Mzee Idarusi alisukuma. Mlango haukwenda. Akasukuma kwa bega.

"Limeanguka! Alhamdulillahi! Shehe, jaribu na wewe."

"Haiwezekani!" Uweso alipiga kelele. "Nimefunga taratibu!"

"Aa, kumbe leo umefunga taratibu," alisema mzee Idarusi. "Na Ijumaa ulifungaje?"

 Shehe alikohoa, akasema mambo ni bayana, mdogo wake amuombe mkewe radhi, na habari ya Muheza iishe. Palikuwa na kunong'ona. Kisha Mboni akasikia kucha zikigusa ubao, na sauti ya mumewe laini, sauti ya kupeleka chai kwa bwana mkubwa.

"Basi, mke wangu. Yamekwisha. Nifungulie."

Alikuwa ameshinda. Nyumba ilikuwa yake, na mume huyu pia alikuwa wake, leo, kesho na miaka yote iliyobaki. Mboni aliweka mdomo karibu na ubao ili wote watatu wasikie.

"Ami, halikuanguka. Nimekomea mimi."

"Mwanangu! Unajua unalolisema?"

"Najua, ami. Nimekomea kwa mkono wangu."

"Si mmesikia?" Uweso alidakia, na furaha yake haikujificha hata mbele ya kaka yake. "Si mmesikia wenyewe?"

Mboni akaenda chumbani kukunja nguo zake za kwenda Tongoni, akawaacha wabishe.