Taratibu Alivyokalia Kiti cha Kipaza

Madereva wenzake walimbandika jina la Taratibu, na halikuwa tusi. Alikuwa mwanamke pekee kwenye yadi ile ya mabasi ya shule, na aliendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Wenzake walimcheka, lakini wazazi walimgombania.

Siku moja aliingia kwa meneja wa uendeshaji na malalamiko. Meneja huyo walimwita Kipaza, maana sauti yake ilitoka ofisini, ikavuka karakana, ikamfikia mlinzi getini bila kupoteza neno.

"Shikamoo, mzee. Njia yangu ina mtoto wa chekechea anayepanda wa kwanza asubuhi na kushuka wa mwisho jioni. Anakaa ndani ya basi sawa na mimi, ila mimi nalipwa."

"Marahaba. Umekuja kulalamika au kurekebisha?"

"Mimi nirekebishe? Mimi dereva tu."

"Hiyo 'tu' iache nje, humu ndani hamna nafasi." Akamsogezea kiti na ramani. "Haya, panga."

Akapanga. Kesho yake mabasi mawili yakakutana uso kwa uso kwenye kichochoro, hakuna wa kumpisha mwenzake. Taratibu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kipaza alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umekosea vizuri! Wenzako hata kukosea hawajathubutu. Mchana urudi hapa."

Tangu hapo, kila mchana mabasi yakisubiri safari ya jioni, Taratibu alikuwa pembeni ya meza ya Kipaza. Alijifunza kulipeleka gari kwa fundi kabla halijagoma, na kuandika ripoti ambayo mkurugenzi angeisoma mpaka mwisho. Alijifunza hata namna ya kupokea simu ya mzazi aliyekasirika. "Mwache amwage yote," Kipaza alimwambia. "Ukimkatiza, atayachota tena aanze upya." Akamsukuma akasomee usimamizi. Mume wake aliponung'unika, Kipaza alikwenda mwenyewe nyumbani kwao, akanywa chai, akamwambia, "Mkwe wangu, ukimzuia huyu, hasira zake utalala nazo wewe, si mimi." Mume akacheka, yakaisha.

Miaka ikapita, Taratibu akawa msaidizi wake. Ndipo mchana mmoja Kipaza alipofunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasema kwa sauti ya chini:

"Binti yangu, baba yangu alipozeeka alisahau mpaka majina yetu. Watu walijua kabla yake, wakawa wanamzunguka kwa minong'ono. Mimi nikianza, uniambie wewe, usoni. Nitaondoka kwa miguu yangu."

"Usijitabirie mabaya, mzee."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Ilianza kidogo kidogo. Aliuliza swali moja mara mbili, akamwita fundi mkuu kwa jina la fundi aliyehama zamani. Halafu akaanza kulipangia basi moja njia mbili kwa saa ile ile. Taratibu aliona, akarekebisha kimyakimya kabla madereva hawajatoka. Kila asubuhi alijiambia, leo namwambia. Lakini alipomkuta anakoroga chai yake huku akiimba, aliahirisha mpaka kesho. Utaanzaje kumwambia aliyekufundisha kazi kwamba kazi inamponyoka? Alijipa moyo kwamba anamsitiri. Kumbe alikuwa anafunika kidonda kisipate dawa.

Ikatokea mtoto wa Taratibu akaugua, naye akaomba ruhusa. Jioni hiyo Kipaza aliyazuia mabasi ya shule moja, akisema imefungwa. Haikuwa imefungwa. Watoto walinyeshewa getini mpaka wazazi wakaja wenyewe, na mmoja, wa darasa la kwanza, akaondoka peke yake kwa miguu. Alipatikana salama dukani, mbali sana, analia.

Asubuhi mkurugenzi aliwakusanya wote yadini.

"Shule imefungwa na nani, mzee?"

Kipaza akaanza kupapasa mifuko akitafuta ratiba. Fundi mkuu, akidhani anamwokoa, akadakia: "Mkurugenzi, tumsamehe tu. Ni hali yake ya siku nyingi. Jana Taratibu hakuwepo kumrekebishia."

"Siku nyingi?" Kipaza alimgeukia Taratibu. Sauti yake haikufika hata kwenye basi lililo karibu. "Ulijua?"

"Mzee, sikutaka kukuumiza."

"Ukawaachia wao."

Akachukua koti lake, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza.

Kiti kikawa cha Taratibu. Madereva walimpigia makofi, mume wake akaleta soda za kutosha yadi nzima. Yake ilipata joto mkononi, hakuinywa.

Alikwenda kwa Kipaza kuomba radhi. Mke wake akamzuia mlangoni kwa upole. "Amesema hayupo, mwanangu. Nawe umemsikia akisema." Alirudi mara ya pili, jibu likawa lile lile. Baada ya hapo akawa anasema, nitakwenda wiki ijayo. Kazi zilikuwa nyingi, na aibu nayo ilikuwa nyingi. Wiki ijayo ikazaa nyingine, mpaka siku mke wa Kipaza alipompigia simu.

"Njoo, mwanangu. Sasa atakupokea."

Alimkuta barazani, amekonda, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Uso wake ulichanua.

"Karibu, binti! Wewe mtoto wa nani?"

Taratibu akaketi. "Mimi Taratibu, mzee. Nimekuja kuomba radhi. Niliahidi kukuambia jambo, sikukuambia."

Kipaza alifikiri, kwa heshima ya mtu asiyetaka kumvunja mgeni. "Basi niambie sasa."

Mke wake akageuza uso. 

"Limeshapitwa na wakati, mzee," Taratibu akasema.

"Basi yaishe. Nimekusamehe." Alisamehe upesi, kama unavyomsamehe mpita njia aliyekukanyaga sokoni, akamwagiza mkewe alete chai.

Siku hizi Taratibu huenda kila akipata nafasi. Kila akifika hujitambulisha upya, na kila mara mzee hufurahi kumfahamu.