Mkono wa Nani Ndani ya Seva

Watu wa hospitali walimwita Bi Nywila, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa kompyuta pekee pale, mwanamke wa maneno machache, na akiona nenosiri limebandikwa pembeni ya skrini aliichana karatasi hiyo mbele ya mwenyewe. Kazi alifundishwa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ambaye wote walimwita Kipaza kwa sababu hata siri aliinong'ona ikasikika ng'ambo ya barabara.

Mwaka mmoja nyuma, Kipaza, wakati huo fundi mkuu pale, alirushiana maneno na msimamizi wa hospitali. Akaondoka kwa hasira, akafungua kibanda cha kutengeneza simu mkabala na lango la hospitali hiyohiyo. Siku anatoka alisema, "Mtanitafuta nyie! Mtanitafuta!"

Basi Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, mtaalamu wa benki ya damu akapiga simu.

"Bi Nywila, mfumo haufunguki. Unasema nenosiri limekataliwa, na mimi hata sijaandika kitu! Kuna mama chumba cha upasuaji anasubiri damu."

"Fungueni majokofu msome lebo moja moja," alijibu. "Mimi nashuka."

Alielewa mara moja. Programu ya benki ya damu ina nenosiri lake yenyewe la kuingilia kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza taarifa zote, na seva ndiyo imelikataa. Sasa nenosiri halikui usiku likawa jingine. Likikataliwa, mtu amelibadilisha.

Chumba cha seva kilikuwa kidogo, baridi, na dirisha moja la kutazama barabarani. Ukiwa umekaa mbele ya mashine yenyewe unaingia bila kuulizwa, hivyo aliingia. Akaweka nenosiri jipya, akaliandika pia kwenye programu, akajaribu. Likakataliwa. Akaweka jingine refu. Likakataliwa. La tatu aliliandika kwa herufi nyepesi kabisa, akalisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, asije akasema vidole vimeteleza. Likakataliwa.

Kuna mtu humu, aliwaza. Kila nikibadilisha, naye anabadilisha.

Akachungulia dirishani. Kipaza alikuwa kibandani kwake, kompyuta imefunguliwa mezani, simu sikioni, anacheka. Anacheka nini saa hizi?

"Vipi?" Msimamizi alikuwa mlangoni, ameshika kiuno. "Nani mwingine anaijua hii seva?"

Bi Nywila akarudisha macho kwenye skrini.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Sema. Mgonjwa yuko mezani."

"Shemeji," alisema. "Ndiye aliyeijenga."

Msimamizi hakungoja neno la pili. Muda si muda Bi Nywila akawaona walinzi watatu wakivuka barabara, akayaondoa macho dirishani.

Simu yake ikalia. Alikuwa dada yake.

"Mdogo wangu, nimepigiwa simu na jirani wa kibandani. Eti shemeji yako amekamatwa na walinzi wa kwenu, simu za watu zimemwagwa chini. Kuna nini?"

"Nitakupigia, dada."

"Nakuuliza wewe. Unajua nini?"

"Nitakupigia."

Alikata, akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya mwanzo. Akachomoa waya wa mtandao. Sasa seva ilikuwa peke yake, haina njia ya kufikiwa na mtu yeyote wa nje. Akabadilisha nenosiri mara ya nne, akajaribu kuingia nalo palepale kwenye mashine, kwa njia ileile inayotumiwa na programu.

Likakataliwa.

Kama hakuna mtu ndani, anayekataa ni nani? Ndipo alipofungua kumbukumbu ambazo seva hujiandikia kila mtu anapobisha hodi. Mwenye kubisha huambiwa tu kwamba amekataliwa. Sababu huandikwa humo. Na sababu ilikuwa moja, imerudiwa toka alfajiri: muda wa nenosiri la mtumiaji huyu umekwisha.

Akatafuta tarehe ya ukomo. Iliwekwa mwaka mmoja kamili uliopita, jioni ya siku ile Kipaza alipoondoka, ili ifike leo alfajiri. Aliyeiweka ni yeye mwenyewe, kwa hofu kwamba shemeji asije akarudi kwa mlango wa uani. Kisha akasahau. Na kubadilisha nenosiri hakusogezi tarehe. Angeweka mia, yote yangezaliwa yamekwisha muda.

Akaifuta tarehe, akarudisha waya. Programu ikafunguka. Mtaalamu akapiga simu kusema damu waliipata kitambo kwenye jokofu la pili kwa kusoma lebo, na mama anaendelea vizuri.

Alimkuta Kipaza kwenye kibanda cha walinzi, shati limechanika begani. Msimamizi alisimama pembeni.

"Si yeye," Bi Nywila alisema mbele ya wote. "Ni mimi. Niliweka ukomo wa nenosiri nikasahau."

"Basi yameisha," msimamizi alisema haraka, akamgeukia Kipaza. "Fundi, nenda zako."

"Hayajaisha. Wateja wake wameona akiburutwa. Twende sote tukawaambie."

Kipaza alimtazama shemeji yake. "Kumbukumbu ulizisoma lini?"

"Baada ya kukutaja."

"Nilikufundisha uzisome lini?"

"Kwanza kabisa, shemeji."

Kipaza akainuka, akavuka barabara bila kumngoja mtu. Bi Nywila alimfuata, akapiga magoti vumbini, akaokota simu moja moja akizifuta kwa kanga yake, huku msimamizi akiwaeleza wateja kwa sauti ya kumezameza. Kipaza alizipokea simu zake, hakusema ahsante wala usijali.

Jioni Bi Nywila alimpigia dada yake akamweleza yote, hakuficha. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ulidhani ni mwizi, na hukuja hata kumuuliza. Si unaijua nyumba yetu?" Akakata.

Jumapili ilipofika Bi Nywila alikwenda. Alikaribishwa kama mgeni, akapewa kiti cha wageni, na Kipaza alitoka kumsalimu, akarudi chumbani. Jumapili ya pili hivyohivyo. Ya tatu Kipaza alikuja kukaa naye, akamuuliza ile tarehe ya ukomo ilikuwa imeandikwaje, na Bi Nywila akaanza kumweleza.