Ini la Mbuzi wa Pili

Mimi nina mdomo, sikatai. Siku ile machinjioni nilimfokea Mzee Shigela, mkaguzi wa nyama, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya wachinjaji wote, na hata shikamoo sikumpa.

Alikuwa amekata ini langu. La mbuzi, ndiyo, lakini nilishaliomba tangu jana yake, na nililitaka zima, na mishipa yake, likiwa bado la moto. Nimekwenda kwenye gari kuchukua ndoo ya barafu, narudi namkuta Mzee kalipasua katikati kwa kisu, anachungulia.

"Safi," akasema, ananionyesha vipande viwili. "Halina hata mnyoo mmoja."

"Nani kakwambia ukate? Mzee, umeniua!"

"Sasa mama, ini litatokaje hapa bila kukatwa? Si ndiyo kazi yangu?"

Kweli ndiyo kazi yake. Mbuzi wa kandokando ya ziwa wanalishwa kwenye majimaji, minyoo ya ini wanaiokota huko huko, na hakuna ini linalotoka machinjioni bila kupitiwa na kisu cha mkaguzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nawafundisha watoto jambo hilo nilipokuwa mwalimu wa baiolojia kule Misungwi. Lakini hasira ikishapanda, elimu inakaa pembeni.

Maabara nilikuwa nimebakiwa na kichupa kimoja tu cha sukari yenye mionzi. Kazi yenyewe iko hivi: ini unaliunga kwenye mashine, pampu inalisukumia damu ya vuguvugu kupitia mshipa wake mkubwa, nalo linaendelea na shughuli zake kana kwamba mbuzi yuko malishoni. Ukiitia ile sukari kwenye damu, ini linaipachika kwenye protini linazotengeneza na kuzirudisha damuni. Hapo unapata protini zenye alama. Ukizidunga kwa mbuzi mwingine unaweza kufuatilia zinakwenda wapi na zinakaa muda gani. Sura ya mwisho ya tasnifu yangu ilikuwa inasubiri protini hizo. Na mashine ilikuwa ya kuazima, wenyewe wanakuja kuichukua kesho yake. Nikikosa leo, shahada hakuna, narudi Misungwi kushika chaki.

Basi nikaangua kilio. Pale pale, na buti za mpira miguuni. Mzee Shigela akaona aibu kuliko mimi.

"Jamani mama, nyamaza. Kuna mbuzi mwingine anaingia sasa hivi. Lake silikati, nakuahidi. Si haliendi kuliwa?"

"Haliliwi, Mzee. Ni la maabara."

"Basi chukua, twende salama."

Ndipo nikampa shikamoo yake, imechelewa hivyo hivyo. Akaitikia marahaba huku anacheka, wachinjaji nao wakacheka, na ini la pili likaingia kwenye barafu zima, limenona, zuri. Tulikuwa tumepatana. Hakuna aliyetaka kurudisha habari ya kisu.

Maabara niliunga mirija, nikawasha pampu. Ini lililokuwa limepauka likaanza kurudia rangi yake, nyongo ikaanza kudondoka taratibu kwenye mrija mwembamba. Niliimba, wallahi niliimba peke yangu kama mwehu. Nikafungua kichupa, nikamimina sukari yote.

Baadaye nyongo ikaacha kudondoka. Nikainama kuangalia mrija. Ndani yake kulikuwa na kitu bapa, cha kahawia, kimejikunja. Nikadhani ni damu iliyoganda. Kikajinyoosha. Nyuma yake kikaja kingine.

Mungu wangu. Nikakaa chini sakafuni.

Kazi niliimaliza, kwa sababu mikono ilishaizoea. Nikapima, na namba zikatoka nzuri: protini zimeshika mionzi vilivyo. Tatizo ni kwamba ini gonjwa halitengenezi protini zake kama ini zima, na mimi tasnifu yangu yote inahusu mbuzi wazima. Lakini namba hazisemi zimetoka kwenye ini gani. Mrija nilikuwa nimeshausafisha, na maabara nzima nilikuwa mwenyewe. Niliwaza, ndiyo, niliwaza sana, tusidanganyane.

Simu ikalia. Profesa Jitesh, msimamizi wangu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Odeta. Enhe, zimeshika?"

"Zimeshika."

"Safi sana! Hongera! Na ini lilikuwa zima?"

Nikauangalia ule mrija, ulivyotakata.

"Lilikuwa na minyoo, Profesa. Imetoka kwenye mrija wa nyongo, nimeiona kwa macho yangu."



"Mkaguzi hakulikata?"

"Hakulikata. Nilimlilia mimi asilikate."

Nikamsikia anavuta kiti na kukaa. Siku zote amekuwa akiniita Odeta.

"Pole sana, Mwalimu," akasema.