Jina la Mama Katika Daftari la Chanjo

Nilimwandika mama yangu kuwa amechanjwa, na hakuwa amechanjwa. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizunguka. Ilikuwa Novemba 2021, kijijini kwetu huku milimani Ileje, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Ikinga. Mimi, Jenista, nilikuwa mhudumu wa afya wa jamii, yule mwanamke anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza watu kama wana choo, na watu wakimjibu kwa macho ya kumwambia apite tu.

Kwa chanjo ya UVIKO tulipita wawili. Muuguzi Felix alibeba kisanduku cha barafu na ndiye aliyechoma sindano. Mimi nilibeba daftari. Kila timu ilipangiwa idadi, na jioni msimamizi wetu alipiga simu kuuliza idadi imefika wapi. Watu walitukimbia. Mmoja alitufungulia mbwa. Wengine walitukaribisha vizuri, wakatupa viti, kisha wakatuuliza: mwaka uliopita tuliambiwa ugonjwa haupo, tusali na tujifukize, sasa hii sindano ni ya ugonjwa gani?

Mama yangu, Loisi, alikuwa mmoja wao. Tulimkuta uani anapepeta maharage. Alimsikiliza Felix mpaka mwisho, kwa adabu zote, ungo ukiwa umetulia mapajani.

"Mwaka jana mlisema tujifukize, mwaka huu mnasema tuchomwe," akasema. "Mkishakubaliana wenyewe kwa wenyewe, mnijulishe."

Akaendelea kupepeta. Felix alicheka. Mimi sikucheka, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nyumba ya mhudumu wa afya ndiyo inakataa? Majirani walikuwa wanachungulia kwenye migomba, na nilijua mama akikataa, upande wetu wote umekataa. Felix alipotangulia kwa jirani, nilisimama nyuma ya jiko, nikafungua daftari na kuandika: Loisi, miaka sitini na mbili, amechanjwa. Kichupa kilichofunguliwa kikibakiwa na dozi jioni kinamwagwa, kwa hiyo hata hesabu ya dozi isingenisuta. Nilijiambia wiki ijayo nitamshawishi, achomwe kimyakimya, na uongo wangu utageuka kuwa ukweli uliochelewa kidogo.

Jioni ile nilimweleza. Nilimwambia nimeshamwandika, na mtu akimuuliza aseme ndiyo, asije akanitia aibu. Mama alichochea moto. Kisha akasema sawa, mwanangu, akaniuliza kama nimekula. Wiki iliyofuata nilitumwa vijiji vya mbali, na iliyofuata tena hivyo hivyo, na sikumshawishi mtu.

Januari akaanza kukohoa. Alikohoa siku tisa. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, na cheti cha kifo kiliandikwa nimonia. Miaka ile watu wengi waliondoka kwa nimonia na kwa kile kilichoitwa changamoto ya kupumua, na hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Kwetu, kabla ya kufukia, husomwa karatasi ya maisha ya marehemu: alizaliwa lini, aliolewa wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi, aliugua nini. Kinachosomwa mbele ya jeneza hakipingwi na mtu, hata kama miaka imekosewa, maana ni kama marehemu mwenyewe amekubali. Karatasi ya mama aliiandika mjomba Yesaya, mdogo wake, akaniletea niikague kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo. Humo alikuwa ameandika kwamba marehemu alikuwa wa kwanza upande wetu kupokea chanjo ya UVIKO. Alifikiri ananipa heshima. Nilirekebisha herufi mbili tatu, nikamrudishia. Yaliposomwa nilikuwa nimekaa chini na wafiwa, nikaangalia udongo.

Watu wakachukua maneno yale wakaenda nayo. Mwanzoni walisema Loisi alichanja, na Loisi amekufa. Kufika Pasaka walisema Loisi ameuawa na sindano, na kwamba ndiyo maana bintiye hazungumzi.

Kuhusu kikohozi cha mama nitasema mara moja tu, halafu atakayetaka kunicheka acheke. Nakisikia mchana, saa nne saa tano, jua likiwa limewaka na kuku wanatembea. Kinatoka jikoni kwake, jiko ambalo tumelifunga kwa kufuli. Kinakuja mara tatu, halafu kimya cha mtu anayejizuia asisumbue wenzake, maana ndivyo alivyokuwa akikohoa, kwa kujibana. Nimewahi kufungua lile kufuli nikakuta masizi na mafiga. Kliniki ndiko kubaya zaidi. Kila ninapoita majina ya akina mama naogopa kwamba ulimi utaniteleza nitaje lake, na kwamba kwenye benchi la nyuma kuna sauti itakayoitika "abee".

Nilikaa na hilo miaka miwili. Ningekaa nalo mpaka kaburini kama si surua.

Februari 2024 habari zilipanda kutoka mabondeni Momba, kwa wafugaji, kwamba watoto wanatoka vipele na macho mekundu, na wengine wamezikwa. Kampeni ya chanjo ya surua ikatangazwa. Kijijini kwetu wazazi wakasema hawatoi mtoto. Kati yao alikuwa mdogo wangu Dina, ambaye binti yake, Goodness, alikuwa na miezi kumi na moja na hajapata hata sindano ya miezi tisa. Nilimwendea mara nne. Kila mara alinijibu neno moja tu, "mama alichanja", na kunigeuzia mgongo. Mtoto mwenyewe alikuwa ananivuta kidole anitafune.

Mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano siku moja kabla ya chanjo. Mvua ilikuwa inanyesha, tukaingia kwenye lile darasa jipya la shule ya msingi ambalo lilijengwa kwa pesa za UVIKO. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

Sadoki ndiye aliyesimama kwanza. Anapeleka maparachichi kwenye masoko ya Mpemba na Tunduma, anajua kuongea, na siwezi kusema alikosea. Alisema yeye hapingi madarasa, madarasa ni mazuri, amekalia dawati lake hapo na linambana vizuri. Anachouliza ni hiki: pesa zilipokuja kwa ajili ya ugonjwa, semina zilikuwa ngapi, posho alikula nani, na yale magari yaliyokuwa yanapita na vipaza sauti yalitumia mafuta ya shilingi ngapi, wakati mitungi ya oksijeni wagonjwa walikuwa wanagombania? Na ile serikali iliyosema tujifukize, ilipobadilika ikasema tuchanje, nani alikuja kusema samahani, tulikosea? Watu wakapiga meza. Mtendaji alijibu kwamba taarifa zote zipo wilayani. Sadoki akasema hata yeye anajua ziko wilayani, ndiyo maana anauliza akiwa kijijini.

Kicheko kilipopoa, mwanamke mmoja aliuliza kwa upole tu, tena bila hata kunitazama, kuhusu Loisi. Alisema pesa zinaweza kusahauliwa, lakini Loisi hawezi kusahauliwa.

Darasa zima likaniangalia. Na hapo, Mungu ni shahidi wangu, nikasikia kikohozi nyuma ya dirisha, mara tatu. Labda alikuwa mtu anapita kwenye mvua. Nilisimama.

"Mama yangu hakuchanjwa," nikasema. "Alikataa. Mimi nilimwandika kwa sababu ya aibu, nikamwomba anifichie. Sindano haikumuua, maana haikumgusa. Kama alikufa kwa ugonjwa ule, alikufa akiwa hana kinga. Msiwanyime watoto sindano kwa ajili ya uongo wangu."

Nilitegemea kutukanwa. Nilikuwa tayari kwa matusi, na ningeyapokea kama dawa. Badala yake kilichotokea kilikuwa kibaya kuliko matusi.

Sadoki aliniamini mara moja. Aliinuka taratibu, akasema ahsante dada, umetusaidia sana, sasa tumejua na daftari nalo ni la uongo. Kama binti anaweza kumwandika mama yake mzazi, basi zile asilimia walizokuwa wanasoma redioni walimwandika nani? Akakaa. Meza zikapigwa tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Wanawake hawakuniamini kabisa. Bibi Tupokigwe, aliyekuwa rafiki wa mama tangu utoto wao, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, wamekutisha au wamekulipa?" akauliza. "Mama yako mwenyewe alituambia amechanja. Alipandisha mkono wa gauni tukiwa kisimani, akatuonyesha kovu. Na yamesomwa mbele ya jeneza, nawe ulikuwepo."

Sikuwa najua habari ya kisimani. Nilimwambia lile kovu ni la chanjo ya ndui, mama alichanjwa akiwa mtoto mdogo, na sindano ya UVIKO haiachi kovu. Nikamwambia na yeye analo. Bibi Tupokigwe akapeleka mkono begani bila kutaka, na wanawake wawili wa rika lake wakafanya hivyo hivyo juu ya kanga zao. Kwa muda kidogo nilidhani nimeshinda. Kisha akashusha mkono, akasema, "Loisi hakuwa mwongo." Wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakijifunika kanga kwa ajili ya mvua. Dina alikuwa wa kwanza kutoka.

Mtendaji aliniambia Jumatatu ataandika barua wilayani kuhusu mimi. Nilimwambia aandike.

Kesho yake tulikuwa kwenye baraza la zahanati tangu saa mbili asubuhi. Felix alichukua daftari mikononi mwangu, akanipa kazi ya kuwashika watoto wakati wa kuchomwa. Watoto waliotarajiwa walikuwa mia moja na themanini. Kufika saa saba walikuwa wamekuja kumi na wawili. Felix alikuwa anahesabu barafu inavyoyeyuka.

Dina alikuja saa nane, Goodness mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Hakumsalimia Felix. Alinivuta pembeni, kwenye tangi la maji.

Nilianza kumshukuru kwa kuniamini. Akanikatiza.

"Sikuletwa na maneno yako ya jana, dada. Mimi nilijua tangu zamani."

Nilimuuliza alijuaje.

"Mama alitaka kuchanja," akasema. "Wiki ile ya Krismasi, walipozikwa watu watatu kwa mfululizo, aliogopa. Alivaa gauni lake la kanisani, tukatoka mimi na yeye kuja hapa. Tulipofika pale darajani akasimama. Akaniuliza, jina langu likionekana mara mbili watamfanya nini Jenista? Nikamwambia labda watamfukuza kazi. Akasema, basi turudi. Tukarudi. Wiki mbili baadaye akaanza kukohoa."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bomba la tangi. Nililikaza, yakaendelea kudondoka. Nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba mama alikufa kwa ubishi wake, na mimi nimeusitiri ubishi huo kwa uongo. Hiyo niliweza kulala nayo. Kumbe ubishi ulishamtoka, na kilichomzuia pale darajani nilikuwa mimi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekuambia lini, msibani?" Dina alikuwa analia bila sauti, akimrusharusha mtoto mgongoni ili asiamke. "Mimi ndiye niliyesema watakufukuza. Ningemwambia hawatakufanya kitu, angeendelea kutembea. Ndiyo maana nilisema na wenzangu kwamba ameuawa na sindano. Ukisema sindano, basi si wewe, wala si mimi. Lakini huyu mtoto sikuweza kumrudisha njiani pale darajani."

Sikumgusa, naye hakunigusa. Tulisimama hivyo mpaka Felix alipoita kwamba anafunga kisanduku kama hakuna mwingine.

Dina akafungua kitenge. Goodness alikuwa wa moto kwa usingizi, kichwa kinaning'inia. Felix aliuliza nani atamshika, na mdogo wangu, badala ya kukaa yeye kwenye kiti kama mama wengine wote wa siku ile, akaniwekea mtoto mapajani, akarudi nyuma hatua mbili.

Nilimbana miguu kwa miguu yangu, nikaushika ule mkono mdogo. Sindano iliingia. Goodness alifumbua macho, akapiga ukelele mmoja mrefu, akageuza kichwa. Hakumtafuta Felix aliyemchoma wala mama yake. Alinitazama mimi niliyemshika.