Manowari ya Mzee Ishak wa Ibra

Siku ya Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri, akiwa na akili zake timamu na meno yake yote isipokuwa mawili, Mzee Ishak alimwahidi mtu manowari ya kubebea ndege. Wala hakulewa, Mungu apishe mbali. Alikuwa amekunywa kahawa tu. Balaa lote lilitoka kwa yule ambaye hakuinywa.

Lakini kwanza tumjue mwenyewe. Mzee Ishak alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Omani kijana wa miaka ishirini na mbili na sanduku moja, akalitumikia jeshi la majini miaka thelathini. Ukimsikia anavyolitamka hilo utadhani alizamisha meli za adui. Alikuwa ghalani: mchele, dengu, vitunguu na maziwa ya kopo. Siku moja tu walimpandisha melini, akatapika tangu asubuhi mpaka jioni, na meli ilikuwa bado imefungwa gatini. Alipostaafu akahamia Ibra kwa jamaa wa mkewe, mji ambao bahari huonekana kwenye televisheni, na huko akapata raha yake.

Raha yote isipokuwa jirani yake, Hud. Hud alizaliwa Ibra, baba yake alizaliwa Ibra, na punda wa babu yake alizaliwa Ibra, na haipiti siku bila kulisema. Mzee Ishak akifunga kilemba, Hud humwambia kwa Kiarabu chao cha nyumbani, "Mashallah, leo umekifunga vizuri. Bado kidogo utakuwa mwenyeji." Akimimina kahawa, Hud humwambia, "Taratibu, yakhe, humwagilii mchicha." Neno hilo la yakhe alilijifunza kwa Mzee Ishak mwenyewe, akawa analitumia kumchomea.

Kwa hiyo Mzee Ishak akazisomea mila za huku kama mtoto anayengojewa na mtihani. Akajua nani anakaa wapi, nani anakata halua kwanza, kikombe kinatikiswa vipi mtu akitosheka. Akazijua kuliko wenyewe. Na mtu aliyejua mila kwa kusomea ana ubaya mmoja: huzitumia hata pale ambapo hazijaitwa.

Mtoto wake ni mmoja, Azza, mhandisi, aliyekaa katika kamati moja huko Maskati inayopima meli ambazo wageni wanataka kuiuzia nchi. Kamati ilikuwa inatafuta boti tatu ndogo za kuokolea wavuvi upande wa Ras al Hadd. Boti tatu, ndogo. Lakini tangu nchi moja ya mbali ilipozindua manowari mpya ya kubebea ndege na picha zake zikajaa kwenye simu za watu, kila muuzaji alikuwa akiulizwa boti anajibu manowari. Ukimwambia unataka sindano, anakuonesha jinsi nyundo yake inavyong'aa.

Mmoja wao alikuwa Bwana Lomberg, mtu mrefu, mwekundu, kutoka nchi ya baridi. Azza alikwishamwambia hapana mara nne, mbili kwa maandishi. Ndipo mtu akamnong'oneza kwamba katika nchi hizi mlango wa binti ni baba yake. Akapanda gari na wakala wake, Maen wa Nizwa, mtu mzima anayevaa miwani ya jua hata chumbani, wakaja Ibra "kusalimia tu".

Mzee Ishak akawapokea sebuleni. Hud alikuwepo, kama kawaida yake panapokuwa na halua. Salamu zikaenda zikarudi, afya zikaulizwa, za watu na za mifugo. Mzee Ishak akasimama, dele la kahawa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, akamimina pasipo kumwaga hata tone. Akamtupia Hud jicho. Hud akawa anatazama dari.

Bwana Lomberg akapokea kikombe, akashukuru, akakiweka chini. Hakukigusa tena.

Kila jicho likaenda kwenye kikombe kile. Kwani kwa watu wa huku, mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, ana haja. Hainywi mpaka mwenye nyumba aseme kuwa haja yake imekidhiwa. Watu walikuja hivyo kuomba suluhu ya damu, wakaja hivyo kuomba mchumba. Mzee Ishak alikuwa amelisoma hilo miaka ishirini akingoja lije mlangoni kwake, na halikuja hata siku moja. Waliomjia walikuwa na kiu tu.

Hud akamwinamia Mzee Ishak, akamwambia kwa sauti ya chini, "Labda hujui maana yake. Kwenu huko..."

"Haja yako imekidhiwa!" Mzee Ishak akapaza sauti mpaka kuku wa nje wakakimbia. "Kunywa, mgeni wetu! Chochote ulichokijia, umekipata!"

Maen akavua miwani kwa mara ya kwanza. Akamfasiria bosi wake. Bwana Lomberg akasimama, akasema maneno mengi kwa furaha, akaweka mkono kifuani.

"Anasema hakutegemea mambo yawe mepesi hivi," Maen akafasiri. "Anasema kampuni yake itakuletea manowari iliyo bora kuliko zote. Ina urefu wa mita mia mbili na themanini."

"Manowari gani?" akauliza Mzee Ishak.

Hud akakohoa, na halua ikamkwama.

Jioni ile ile Azza akaingia kutoka Maskati, hata mkoba hakuutua.

"Shikamoo baba. Umetoa ahadi ya manowari?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe! Kaniandikia barua ya kunishukuru! Baba, hii vitu si ya mchezo!"

"Hivi vitu," akasema mama yake, Bi Kuruthum, kutoka jikoni. "Tena Ishak, utaiweka wapi? Banda la mbuzi limejaa."

Azza akampigia Maen hapo hapo, akamweka kwenye spika. Kwa nini mtu wako hakunywa kahawa? Maen akasitasita, kisha akasema kweli: Bwana Lomberg ana vidonda vya tumbo, daktari kamkataza kahawa, pilipili na hasira.

Bi Kuruthum akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Subhanallah! Mtu anaumwa tumbo, wewe unampa meli!"

Mzee Ishak akakaa. Aibu ilimpanda tangu visigino.

"Mpigie, baba, mwambie ilikuwa makosa," akasema Azza. "Sheria iko wazi. Jamaa yangu akimuahidi muuzaji kitu, lazima niiarifu kamati mwenyewe. Jumapili asubuhi naandika. Na ahadi ikiwa ingali ipo, mimi kazi sina."

"Nimesema mbele ya Hud."

"Na mimi je?"

Azza alikuwa amesoma miaka kumi na saba kufika pale, na yeye baba yake ndiye aliyekuwa akimwamsha alfajiri na kumkaangia mayai. Akajaribu kujitetea kwa njia nyingine.

"Kwani hiyo manowari ina ubaya gani hasa? Jirani wakiwa nayo na sisi hatuna..."

"Baba. Ukinunua meli, hujanunua ndege. Ukinunua ndege, hujanunua vipuri. Ukinunua vipuri, hujapata fundi. Miaka arubaini unamngoja mtu wa mbali akupe nati, na siku ukimuudhi anakwambia nati zimekwisha."

"Kama ile cherehani aliyoniletea baba yako kutoka ng'ambo," akasema Bi Kuruthum. "Sindano zake zauzwa huko huko. Naitumia kuanikia taulo."

Asubuhi ya Ijumaa Mzee Ishak akaenda kumuuliza Hud, akiwa amekunja uso kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Je, ahadi iliyotolewa kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo inahesabika?

Hud akafikiri sana, kwa kuwa alikuwa anaona utamu. "Kahawa ilikuwa kahawa. Neno lilikuwa neno. Mimi mtu wa Ibra nisingelirudisha. Lakini wewe," akafungua mikono, "watu watakuelewa. Watasema ni mgeni, hajui."

Afadhali angempiga kofi.

Na Hud hakuwa mtu wa kukaa na habari peke yake. Baada ya sala watu wakaanza kuja kutoa pongezi. Mmoja alitaka mwanawe aandikwe kazi huko juu ya sitaha. Mwanamke wa soko la Jumatano akauliza kama kutakuwa na nafasi ya kuuza bukhuri na nguo, pahala penye kivuli. Jamaa mmoja akapiga simu kutoka Sur kusema bandari yao ni finyu lakini watajibana. Binamu wa Bi Kuruthum akaomba kuifanyia harusi ya bintiye, kwa sababu kumbi zimekuwa ghali na pale wanawake watakaa mbele na wanaume nyuma, bila ya pazia. Mzee Ishak aliwajibu wote "insha'Allah", akijua kila insha'Allah inamchimbia shimo jingine kando ya lile la kwanza.

Usiku akalala chali akihesabu mabati ya paa, na kulipokucha akawa amekwishapata njia. Hakumwambia mtu. Akampigia Maen tu: Jumamosi alasiri, mlete mtu wako.

Jumamosi sebule ilijaa mpaka viatu vikafika barabarani. Bwana Lomberg akaja na suti, kalamu ya dhahabu na mkoba wa karatasi. Azza alikaa karibu na mlango wa ndani. Mzee Ishak akasimama.

"Alkhamisi," akasema, "nilimwambia mgeni wangu kwamba haja yake imekidhiwa. Nimelisema neno hilo mimi. Sikulisema kwa kinywa cha serikali, wala cha mwanangu. Mwanangu hakuwepo, na nchi si mali yangu nikaigawa kwenye kahawa. Basi manowari naichukua. Naichukua mimi, Ishak, kwa mali yangu."

Akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani.

"Mitende ishirini na mmoja, kumi na mitatu ya tende nzuri za khalas, iliyobaki ya kawaida. Zamu yangu ya maji ya falaji, mfereji wetu wa mji, nusu saa kila wiki. Pikapu yangu, inawaka ukiisukuma. Mbuzi kumi na mmoja na beberu. Nyumba siitoi, ni ya mke wangu."

"Na mbuzi mweusi ni wangu!" sauti ya Bi Kuruthum ikatoka ndani.

"Mbuzi kumi," akasahihisha Mzee Ishak. "Mwambie, Maen. Neno kwa neno."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu walimwona uso. Mzee hakuwa anafanya mzaha. Mitende ile alianza kuipanda mwenyewe mwaka aliostaafu, mmoja mmoja, na kama yule Mzungu angesema ndiyo, angeikabidhi jioni hiyo hiyo na kwenda kuishi kwa pensheni na lawama za mkewe. Azza aliinua mkono kumzuia, kisha akauteremsha.

Maen akafasiri. Bwana Lomberg akauliza tena, Maen akafasiri tena, safari hii akionesha pembe kwa vidole. Mzungu akawa mwekundu zaidi. Akaomba ruhusa, akatoka uani kuzungumza na wakubwa zake kwa simu. Watu wakamtazama dirishani akienda na kurudi mbele ya banda, akiwahesabu mbuzi.

"Anawahesabu!" akanong'ona Hud. "Wallahi, anawahesabu!"

Mzee Ishak akaanza kutokwa na jasho. Hilo hakulitarajia. Alisahau kwamba mtu aliyekaa miaka na manowari isiyo na mnunuzi hufika mahali akatamani hata beberu.

Bwana Lomberg akarudi. Akazungumza polepole, na Maen akafasiri polepole. Kampuni inamshukuru sana Mzee Ishak. Katika nchi kumi na moja walizozunguka, hili ndilo jibu la kwanza la kweli walilopata. Lakini kuipaka rangi tu hiyo meli kunahitaji mitende mingi kuliko iliyopo mkoa mzima. Kwa hiyo, kwa masikitiko, wanakataa.

"Subiri!" Hud akasimama. Sebule nzima ikamgeukia, na Mzee Ishak akafumba macho akingoja mwiba. "Mwambie aseme mbele yetu sote. Ishak kalitimiza neno lake, au hakulitimiza?"

Maen akauliza. Bwana Lomberg akamtazama yule mzee na karatasi yake, akasema neno moja, na kila mtu akalielewa bila ya tafsiri.

"Khalas, yamekwisha," akasema Hud, akaketi. Kisha, kwa tabu, kama mtu anayetapika mwiba wa samaki: "Mtu wa Ibra asingefanya zaidi."

Azza hakungoja hiyo raha iishe. Akamsogezea Bwana Lomberg karatasi nyeupe, akamwambia aandike kwa kalamu yake ile ya dhahabu kwamba mzee ametoa alichonacho, kampuni imekataa, na haidai ahadi yoyote kwa mtu yeyote wa nyumba hii. Akaandika, akatia sahihi. Bi Kuruthum akamletea bilauri ya maziwa, akainywa yote kwa pumzi moja.

Jumapili kabla ya adhuhuri, Mzee Ishak alikuwa shambani, zamu yake ya maji, akiziba mfereji huu na kufungua ule kwa matambara na jiwe. Simu ikalia.

"Baba, mwenyekiti wa kamati kaisoma taarifa yangu."

"Kasemaje?"

"Kasoma mara mbili. Faili la Lomberg kalitoa kwangu, kampa mwenzangu. Mimi kaniambia nirudi kwenye kiti changu, boti tatu zinaningoja."

Mzee Ishak akakaa chini pale pale penye matope, kanzu na yote.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, mwanangu."

"Kauliza swali moja tu. Kama wale mbuzi ni kweli, au umetia chumvi."

"Ni kweli. Lakini mwambie beberu anauma. Hilo sikuliandika kwenye karatasi, nimekuwa na aibu tangu jana."