Koti Lililofuta Mechi Mbili

Niliendesha basi la timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Tipton Creek miaka ishirini na sita, na kwa miaka thelathini na minane nimekaa na siri ya koti. Watu wa Indiana husamehe mengi. Hawamsamehe mtu aliyemnyang'anya kocha wao ushindi wa Machi, mwezi wa mashindano.

Siri iliniponyoka Jumanne iliyopita, kwenye mgahawa tunakokunywa kahawa kila asubuhi. Lurlene Kassebaum, mkutubi mstaafu, alikuja na karatasi zake. Kila mashindano ya taifa ya vyuo yakianza, sisi hugombana kuhusu kocha bora, na mwaka huu kelele zilimchosha. Akawapanga makocha wote wa jimbo letu kwa asilimia ya mechi walizoshinda kwenye mashindano hayo tu.

"Wa kwanza ni yule wa Chuo cha Delby," akasoma. "Alienda mara moja, akashinda mechi zote sita, akabeba kombe, akaacha kazi akauze matrekta. Asilimia mia."

"Huyo ana akili," akasema Kocha Orville Stucker, aliyekuwa bosi wangu. Mkate wake na mchuzi mweupe ulikuwa unapoa. Tangu Lurlene atoe karatasi, mzee hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Nisome mimi, nisome mimi!" akadai Verl Haskett, aliyefundisha chuo cha ng'ambo ya mto na ambaye hajawahi kunyamaza, hata kanisani.

"Verl: kashinda mbili, kashindwa tatu. Asilimia arobaini. Nafasi ya kumi na tisa."

"Na Orville?"

"Hayumo."

"Hayumo vipi?" nikauliza, ingawa nilijua vizuri sana. "Alishinda moja, akashindwa moja. Si nusu kwa nusu hiyo? Si anampita Verl?"

"Mwaka ule ulifutwa, Dub. Mchezaji alipokea zawadi kutoka kwa mtu wa timu, na kanuni zilikataza. Mechi zilichezwa, lakini kwenye vitabu hazikuchezwa."

Verl akapiga meza kwa kicheko. "Pole, kocha! Hata mkiani hukupata kiti!"

Orville alikoroga kahawa yake, kahawa isiyo na sukari wala maziwa. Nikatazama kile kijiko kikizunguka, nikahisi kinanikoroga mimi.

Zawadi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na mchezaji anaitwa Lavoy Petticord, kijana wa kusini kabisa, mrefu kiasi kwamba akikaa kiti cha nyuma cha basi miguu yake karibu inisaidie kukanyaga breki. Hakuwahi kuona theluji. Januari ile ndevu zangu ziliganda barafu zikawa zinagongana kama funguo, na Lavoy alisimama kituoni amevaa shati. Nikavua koti langu nikampa. Kwake lilikuwa kizibao, lakini alilivaa hadi Machi, na Machi hiyo alifunga kikapu cha mwisho kilichotupatia ushindi wetu wa pekee. Mwaka uliofuata wakaja wachunguzi wa mashindano, mabwana wawili wenye mikoba, wakauliza kila mtu habari za koti. Kila mtu, isipokuwa dereva. Mimi waliniuliza choo kiko wapi.

Sasa Verl anacheka, na mzee wangu anakoroga kahawa isiyo na cha kukorogwa. Nikashindwa kuvumilia.

"Kocha," nikasema, "lile koti lilikuwa langu."

Verl akanyamaza. Hilo peke yake lilitosha kuandikwa gazetini.

"Lako wewe?" Orville akaweka kijiko chini. "Miaka yote hii nakutafuta, kumbe tunakula meza moja?"

"Unipige tu, kocha. Nimeshakuwa mzee, hakitavunjika kitu kipya."

"Nikupige? Nataka nikushukuru, mpumbavu wewe! Lurlene, ile mechi yetu ya pili, tulifungwa kwa pointi ngapi?"

Lurlene akatazama karatasi. "Haipo. Ilifutwa pamoja na ile ya kwanza."

"Umesikia? Haipo! Hamsini na moja, Dub! Tulipigwa kwa pointi hamsini na moja, mbele ya Marekani nzima. Mama yangu alizima televisheni akaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Asubuhi hii nimeshindwa hata kula, nikijua Lurlene ana orodha ya pili."

Kweli alikuwa nayo. Akaigeuza taratibu. "Vipigo vikubwa kuliko vyote," akasoma. "Wa kwanza, Verl Haskett. Pointi arobaini na nne."

"Ebo!" Verl akaruka. "Yeye alipigwa zaidi! Nilikuwepo uwanjani, nilihesabu mwenyewe!"

"Ulihesabu mechi gani, Verl?" akauliza Orville, akivuta sahani yake. "Mimi sikumbuki mechi."

Nilicheka hadi nikamwaga kahawa yangu mezani. Nikamwuliza kuhusu ule ushindi, kama haumuumi.

"Unaniuma kidogo, kwa ajili ya Lavoy," akasema, mdomo umejaa. "Jumapili akipiga simu nitamwambia nimeshajua koti lilikuwa la nani. Kila mwaka huniuliza kama nimeshamgundua mwenye koti, nami nilikuwa sijui."

"Yeye hakukutajia?"

"Aliapa hatataja. Wale mabwana wenye mikoba walimbana siku mbili, akawaambia aliliokota."

Verl hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amemsogelea Lurlene, sauti ya chini kama mtu aliye kwa padri.

"Dada Lurlene, mwaka ule nilipopigwa kwa pointi arobaini na nne, nadhani nilimpa mchezaji wangu mmoja kipande cha pai. Cha cheri. Andika."

"Pai haitoshi, Verl."

"Vilikuwa vipande viwili."